Kahawa yako inadai sukari kwa nini? Tuongee vitu vya kuongeza kikombeni kabla hujafika kijiko cha tatu

Binti wa Dele (mleta uzi)

Habari zenu wanajamvi. Uzi ni mrefu, mwenye kikombe akae nacho karibu.

Mwaka jana mwezi wa nne tulipimwa afya kazini. Nilikuwa sijala tangu usiku, na kipimo cha sukari kikasoma 6.4. Daktari akanieleza kwamba kuanzia 6.1 mpaka 6.9 bado hujaitwa mgonjwa wa kisukari, ila umeshasimama mlangoni. 7.0 kwenda juu, ikirudiwa ikawa vile vile, ndiyo kisukari chenyewe. Akauliza: soda unakunywa? Sinywi. Keki, biskuti? Mara moja moja. Chai, kahawa? Kahawa, vikombe vinne kwa siku. Unaweka nini ndani? Nikashikwa na kigugumizi.

Nilikuwa naweka vijiko vitatu vya sukari na viwili vya krimu ya unga, kila kikombe. Pigeni hesabu nami. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kina gramu 4 hivi za sukari. Vitatu kwa vikombe vinne ni vijiko 12, gramu 48. Shirika la Afya Duniani (WHO) tangu 2015 linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko sita. Mimi kwa kahawa peke yake nilikuwa karibu mara mbili yake, tena vijiko vyangu vilikuwa vya mlima.

Kilichoniuma kuliko kipimo ni kwamba mimi ni mtoto wa muuza kahawa. Baba yangu ametembeza dele, lile birika la kahawa, mitaa ya Ngamiani pale Tanga zaidi ya miaka thelathini, mkono mmoja dele na jiko lake dogo la mkaa chini, mkono mwingine vikombe vikigongana ili watu wajue anapita. Nyumba yetu ilinukia buni za kukaangwa kila alasiri. Na katika miaka yote hiyo sikuwahi kuona sukari ikiingia kwenye dele. Kahawa ni chungu, ina tangawizi, wakati mwingine iliki. Utamu upo pembeni, kwenye sinia: kipande cha kashata, au tende. Mzee anang'ata kidogo, anapiga funda. Kipande kimoja kinamaliza vikombe viwili.

Sukari nilianza nilipokuja Dar kusoma. Kahawa ya hosteli ilikuwa ya zamani, imekaa kopo wazi, na uchungu wake sikuwahi kukutana nao nyumbani. Ulikuwa uchungu wa kitu kilichoungua. Nikaufunika kwa sukari, ukabaki, nikaufunika kwa krimu. Miaka kumi na miwili nikawa nafunika.

Ndiyo maana naamini wengi wetu tunaanza swali hili kwa nyuma. Tunauliza "niweke nini badala ya sukari?" wakati kahawa yenyewe ni mbovu. Kahawa iliyokaangwa mpaka ikawa mkaa, iliyosagwa miezi sita iliyopita, ikachemshwa robo saa, haitanywika bila sukari hata ukiipa viungo vya Unguja nzima. Kwa hiyo la kwanza nililofanya lilikuwa kununua buni, nikakaanga mwenyewe kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, nikikoroga bila kuacha, nikaitoa ilipofika rangi ya kahawia iliyokolea kabla haijaanza kung'aa mafuta. Nasaga ya siku mbili tatu tu. Maji yakishachemka naepua, nasubiri kama nusu dakika, ndipo namimina. Gramu 60 kwa lita moja ya maji, au vijiko viwili vikubwa kwa kikombe kikubwa.

Siku ya kwanza tu nilitaka vijiko viwili badala ya vitatu, na sikuwa nimejilazimisha.

Baada ya hapo ndipo viungo vikaingia. Tangawizi inaleta ukali unaoshika koo, ulimi unashughulika nao unasahau kudai sukari. Iliki na mdalasini vina harufu ambayo pua imezoea kuikuta kwenye vitu vitamu, mandazi, wali wa sherehe, halua. Kwa hiyo kahawa isiyo na sukari ikinukia iliki unahisi kama ina utamu fulani. Karafuu moja inatosha sufuria nzima, ya pili inaharibu. Kungumanga ni ya kukwaruza mara moja tu, na tafadhali isizidi: kungumanga ikitiwa kwa vijiko inaweza kukufikisha hospitali, moyo ukienda mbio na macho yakiona yasiyokuwepo.

Krimu ya unga niliitupa. Chukueni kopo mlilonalo msome nyuma. Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kinachotangulia ndicho kingi. Kwenye makopo yote niliyosoma cha kwanza ni sirapu ya glukosi, cha pili mafuta ya mimea, mara nyingi ya mawese au ya mise (kokwa za mchikichi). Maziwa hamna. Kuna chembe za protini ya maziwa zinazoitwa kaseinati, basi. Mwenye mzio wa maziwa naye awe macho, maana kopo linaweza kuandikwa halina maziwa na kaseinati imo. Na ukiona mafuta yaliyohaidrojenishwa nusu, rudisha rafuni: ndiyo yanayobeba mafuta yale ambayo WHO tangu 2018 linazihimiza nchi ziyaondoe kwenye vyakula kwa ajili ya moyo.

Mahali pake nikaweka maziwa halisi, mililita 50 hivi. Hapo nishati ni kama kalori 30, kuna protini na kalisi ya kweli, na utamu wake wa asili hauhesabiwi kwenye ile sukari ya kuongezwa.

Sukari nilipunguza nusu kijiko kila wiki. Wiki ya sita nikawa sina. Wiki ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote, nawaambia mapema ili ikifika msidhani mmeshindwa.

Mwezi wa tisa nilipima tena, 5.6. Nilikuwa pia natembea jioni na nimepunguza wali wa usiku, kwa hiyo siwezi kuipa kahawa sifa yote. Nataka kusikia kwenu mnaweka nini, na wataalamu wa lishe mnisahihishe nilipokosea.

Chifu Mbozi

Dada uzi mzuri lakini sisi wengine tumeanza kunywa kahawa na maziwa na vijiko vinne tangu utoto na tupo. Mtu anayelima kutwa nzima hiyo sukari inaungua kabla ya saa sita. Msitutishe.

Binti wa Dele

Chifu, sitishi mtu. Anayeshika jembe kutwa hesabu yake si ya mtu anayekaa kwenye kiti saa tisa kama mimi, hilo nakubali kabisa. Nimeandika kwa ajili ya wenye viti. Ingawa ukipata nafasi pima, ni tone moja la damu.

Baraza Mkunazini

Ahsante sana dada, umenikumbusha marehemu babu. Sisi Unguja kahawa ya barazani haitiwi sukari hata leo. Ukipita Jaws Corner jioni utakuta watu wanapiga soga na bao, muuza kahawa yupo, na kahawa ni chungu. Anayetaka utamu ananunua kashata.

Nina la kusema kuhusu mdalasini, kwa sababu nauza viungo. Iko miti miwili. Mdalasini wa kweli, ambao kwetu unapandwa mashamba ya viungo kama Kizimbani, gome lake ni jembamba, likikunjwa linakaa tabaka nyingi kama karatasi zilizoviringishwa, na unalivunja kwa vidole. Upo mwingine unaoitwa kasia, unatoka China, Vietnam na Indonesia: gome nene, gumu, limejikunja tabaka moja, ukali wake mwingi. Huo kasia una kitu kinaitwa kumarini, kikizidi kinaumiza ini. Kiwango walichoweka Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kijiko kimoja cha chai cha unga wa kasia kinaweza kukifikisha kwa mtu wa kilo 60. Mdalasini wa kweli unacho kidogo mno.

Kwa hivyo mtu anayetia mara moja moja hana neno. Lakini nawaona watu wameambiwa mdalasini unashusha sukari, wanatia kijiko kizima asubuhi na jioni, tena wa unga wa paketi wasioujua asili yake. Nunueni gome zima mtwange wenyewe. Unga ukishasagwa hakuna anayeweza kuujua kwa macho.

Mama Wawili Kimara

Mimi natumia asali badala ya sukari. Asali ya Tabora original kabisa. Hiyo si ni salama?

Lishe Dodoma

Mama Wawili, nitakujibu bila kuzunguka kwa sababu wengi wanalala hapa. Asali ni kitu kizuri na ina ladha ambayo sukari nyeupe haina, lakini kwa upande wa sukari mwilini WHO linaihesabu kapu moja na sukari ya dukani. Zaidi ya hapo, asali ni nzito. Kijiko cha chai cha asali kina gramu 7 hivi, na ndani yake karibu gramu 6 ni sukari. Kijiko cha sukari kilichosawazishwa ni gramu 4. Kwa hiyo ukibadilisha kijiko kwa kijiko umeongeza, hujapunguza. Kama unaipenda weka nusu kijiko, na usiiweke kwenye uji wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja kwa hali yoyote, kwa sababu ya vijidudu vya botulizimu.

Sukari guru ni hivyo hivyo. Imetoka kwenye miwa ile ile.

Maziwa ya kopo yale matamu yaliyoganda ndiyo mabaya kuliko vyote: zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari.

Mleta uzi, nina nyongeza moja kwenye kahawa ya dele, na naomba usiichukue kama kuivunjia heshima kazi ya mzee wako. Kahawa ya kuchemsha, isiyochujwa kwa karatasi, inabaki na mafuta ya buni ambayo ndani yake kuna kafestoli na kahweoli. Hivi viwili vinapandisha kolesteroli mbaya. Jambo hili lilianza kuonekana Norway, huko Tromsø, miaka ya 1980, kwa watu wanaokunywa kahawa ya kuchemsha vikombe vingi, na baadaye watafiti wa Uholanzi wakapata kwamba kafestoli ndiyo inayofanya kazi hiyo. Karatasi ya kuchujia inazuia karibu yote. Kahawa ya unga inayoyeyuka nayo inayo kidogo sana. Mtu wa finjani mbili barazani asihangaike. Mwenye kolesteroli ya juu anayekunywa vikombe vinne vikubwa, huyo achuje kwa karatasi.

Binti wa Dele

Ahsante Lishe, sikuchukulii vibaya. Baba huiacha itulie mpaka machicha yashuke chini, nilidhani hiyo inatosha. Kumbe machicha ni jambo moja na mafuta ni jambo jingine. Karatasi nitazitafuta, kolesteroli yangu sijawahi kuipima.

Mazoezi Daima

Kuna hii ya kuweka siagi na mafuta ya nazi kwenye kahawa asubuhi halafu hauli mpaka mchana. Nimeifanya miezi miwili, nguvu ninayo. Kwa nini hamuisemi?

Lishe Dodoma

Mkuu, kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nazi ni kalori 120 hivi, na zaidi ya asilimia 80 yake ni mafuta yanayoganda, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya. Chama cha Moyo cha Marekani kilitoa tahadhari juu ya mafuta ya nazi mwaka 2017. Siagi ni ndugu yake. Halafu hiyo ni kahawa isiyochujwa au iliyochujwa? Kama haijachujwa umeweka mizigo miwili juu ya moyo mmoja. Hiyo nguvu unayoisikia inatoka kwenye kafeini na kalori, ungeipata kwa yai na kipande cha kiazi kitamu. Pima kolesteroli kabla hujaingia mwezi wa tatu, nakusihi.

Mwana Kanyigo

Sisi watu wa Kagera kahawa tumeanza nayo kwa kuitafuna. Mgeni akiingia nyumbani anapewa akamwani, buni zilizochemshwa na majani ya kunukia halafu zikakaushwa, anatia mbili tatu mdomoni. Hakuna sukari, hakuna maziwa, na heshima imekamilika.

Yangu ni mawili. La kwanza, kahawa yetu ni robusta. Kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro au Mbinga, na uchungu wake ni mkubwa zaidi kwa maumbile. Mtu akichukua robusta akaiandaa kwa vipimo vya arabika lazima atakimbilia sukari, na usiku hatalala. Punguza kipimo au changanya nusu kwa nusu.

La pili ni vanila. Watu hawajui kwamba Kagera tunalima vanila. Chukua ganda moja lililokauka vizuri, lipasue, litie ndani ya kopo la kahawa yako ya kusaga, funga wiki moja. Hutaongeza kitu kingine kikombeni. Ganda moja linafanya kazi mwezi mzima, na ukiligawa kwa siku utaona bei yake si mbaya. Zile sirapu za vanila za migahawani ni sukari yenye harufu, nyingi hazina hata chembe ya ganda.

Chifu Mbozi

Nimerudi. Huyu wa Kanyigo amenigusa, maana mimi ni mkulima wa kahawa na dada amesema jambo la ubovu wa kahawa nikalipita haraka.

Ni kweli. Kahawa inaharibikia shambani. Ukichuma nyekundu tupu, zilizoiva sawasawa, ukazimenya siku hiyo hiyo, ukaanika kwenye vichanja, inatoka kahawa yenye utamu wake. Ukikamua tawi zima, mbichi na mbivu pamoja, zile za kijani zinaleta ukakasi unaokwaruza ulimi. Sehemu kubwa mno ya kahawa ya nchi hii inauzwa nje. Iliyo safi inakwenda mnadani, na zilizobaguliwa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, hizo ndizo tunazokaanga wenyewe na kuuziana mitaani. Kisha tunashangaa kwa nini haishuki bila sukari.

Mwaka huu nilibakiza debe moja la nyekundu tupu kwa ajili ya nyumba. Mke wangu aliweka kijiko kimoja, bila kuambiwa na mtu. Nilikuwa sijaunganisha mambo haya mpaka leo.

Binti wa Dele

Chifu, umeandika kwa aya mbili kile nilichohangaika nacho uzi mzima. Ukipata ya kuuza kwa kilo niambie, nanunua.

Kijana wa Othaya

Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu Nyeri tunavuna kahawa halafu tunaenda nyumbani kunywa chai. Mimi nimeanza kahawa nikiwa mkubwa na niko na shida moja: maziwa yakiingia, tumbo linajaa gesi na kuunguruma. Nyeusi nayo inanichoma kifua. Nifanye nini?

Lishe Dodoma

Kijana wa Othaya, kuhusu maziwa hauko peke yako. Watu wazima wengi duniani mwili wao umeacha kutengeneza kimeng'enya cha kuvunja sukari ya maziwa. Wanaoendelea nacho ni hasa watu wenye asili ya ufugaji. Utafiti ulioongozwa na Sarah Tishkoff, uliotoka 2007, ulichukua watu wa Tanzania, Kenya na Sudan ukakuta wafugaji wa huku wana badiliko lao la vinasaba linalowawezesha kunywa maziwa ukubwani, tofauti na lile la Wazungu. Kwa hiyo jirani yako anaweza kumaliza kibuyu na wewe vijiko vitano vikakusumbua, na nyote mko wazima.

Jaribu maziwa ya soya yasiyo na sukari, yaliyoongezwa kalisi. Yanakatika kwenye kahawa ya moto kwa sababu kahawa ina uchachu, kwa hiyo pasha soya kwanza, kisha mimina kahawa juu yake taratibu. Maziwa ya shayiri (oats) ni laini na hayakatiki ovyo, ila wakati wa kuyatengeneza wanga wake huvunjwa ukawa sukari, usiyachukulie kama maji. Kifua kuchoma: usinywe tumbo tupu, na kama kinaendelea mwone daktari, usikifunike kwa maziwa.

Baraza Mkunazini

Sisi hutia tui. Lakini lile jepesi, la kukamua mara ya pili na ya tatu. Kasimile, lile zito la kwanza, muiache ya mchuzi, ukitia kwenye kahawa umekunywa mafuta.

Mswahili Muscat

Nawasoma kutoka Oman. Huku kahawa haina sukari kabisa. Iliki ndiyo mama, na kwenye nyumba nyingine zafarani au matone ya maji ya waridi kutoka Jabal Akhdar. Finjani inamiminwa kidogo tu, na ukitosheka unaitikisa, la sivyo wataendelea kukujazia. Tende inaliwa kwanza.

Ila nataka kuwa mkweli kuhusu tende, kwa sababu dada amezitaja kama mlango wa salama. Tende ndogo ina gramu 5 hivi za sukari. Ile kubwa ya Medjool moja ina gramu 16. Ina nyuzinyuzi, ina madini, sukari yake haiingii damuni kwa kasi ya ile ya kijiko, lakini ukikaa majlisi ukala saba, umeshapita vijiko vyote ulivyovikimbia. Marehemu shangazi yangu alikuwa na kisukari na akiamini tende haihesabiwi. Hakuna aliyemwambia mapema.

Binti wa Dele

Pole sana kaka, Mungu amrehemu shangazi. Hili naliongeza kwenye uzi wangu. Hata kashata ni sukari iliyopikwa na karanga au nazi, silipingi. Ninachokiona ni kwamba utamu ukiwa pembeni unauona kwa macho na unauhesabu. Ukiwa ndani ya kikombe huuoni. Mimi siku hizi naweka tende moja ndogo kwenye kisosi, nikanywa vikombe viwili nayo. Siku nyingine karanga za kukaanga tu.

Mama Wawili Kimara

Nimewaelewa kuhusu asali. Sasa mama yangu ana kisukari, nimemnunulia vile vidonge vya utamu visivyo na sukari. Halafu mdogo wangu naye ameanza kuvitumia apungue mwili. Na mimi ni mjamzito miezi mitano, kahawa niache?

Nesi wa Zamu

Dada, nikujibu moja moja.

Mama: kwa aliye na kisukari tayari vinaweza kumsaidia kuacha sukari, awaeleze kliniki yake wajue. Mdogo wako: mwezi wa tano 2023 WHO lilitoa mwongozo kwamba vitamu hivi visitumike kwa lengo la kupunguza uzito, pamoja na stevia. Mwongozo huo haukuwahusu wenye kisukari, ndiyo maana nawatenganisha. Bora azoeze ulimi kama alivyofanya mleta uzi.

Wewe: huna haja ya kuacha, punguza. Mamlaka ya chakula ya Ulaya inaweka miligramu 200 za kafeini kwa siku kwa mjamzito, na 400 kwa mtu mzima mwingine. Kikombe cha robo lita cha arabika kina kama 90 mpaka 100, robusta kinaweza kukaribia mara mbili. Kwa hiyo kikombe kimoja, na uhesabu na chai pia. Vidonge vya kuongeza damu usivimeze na kahawa wala chai, vinazuiwa kuingia mwilini. Acha saa moja mpaka mbili katikati, na kahawa isiwe pamoja na chakula. Viungo tia kiasi unachotia kwenye mboga, usiende kwenye vijiko vya dawa.

Na wanaotumia dawa ya tezi, levothairoksini: meza na maji matupu, kahawa isubiri walau nusu saa, saa nzima ni bora zaidi.

Mazoezi Daima

Lishe, siagi nimeacha. Wiki ijayo napima. Vipi manjano na pilipili manga?

Lishe Dodoma

Safi sana mkuu. Manjano kidogo hayana shida. Kile kinachosifiwa ndani yake, kurkumini, mwili unakipokea kwa shida, na pilipili manga ndiyo inayosaidia kipenye. Lakini usitegemee kikombe cha kahawa kitibu viungo vinavyouma, na mwenye mawe ya nyongo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aulize daktari kabla ya kuzidisha. Mimi binafsi naona yanaharibu ladha ya kahawa. Ukitaka kitu kizito jaribu unga wa kakao usio na sukari, Kyela wanalima kakao nzuri sana. Kijiko kimoja cha chai na mdalasini kidogo, unapata kinywaji cha jioni.

Kijana wa Othaya

Nimejaribu chembe ya chumvi, nilisikia Ethiopia wengine hufanya hivyo. Uchungu ulipungua kweli!

Nesi wa Zamu

Inafanya kazi, chumvi huuzima uchungu ulimini. Chembe ziwe za kuhesabika, na mwenye presha aruke hili.

Binti wa Dele

Jana nilimpigia baba nikamsomea uzi mzima. Amesikiliza mpaka mwisho, akawa na masahihisho mawili.

Kuhusu sukari, nilimuuliza kwa nini hakuwahi kuitia kwenye dele, nikitegemea ataniambia ni mila. Akasema dele linakaa juu ya mkaa tangu alasiri mpaka saa nne usiku. Ukitia sukari inaungua, inashika chini, na kahawa yote inanuka. Kila mteja ana kiasi chake cha utamu, kwa hiyo utamu ulibaki kwenye sinia.

Na kuhusu iliki, nimekuwa nakosea. Mimi nilikuwa naichemsha pamoja na tangawizi toka mwanzo. Anasema tangawizi kavu iliyopondwa ndiyo inayoingia mwanzo na maji ya baridi, maana inahitaji kuchemka. Iliki unaibomoa maganda kwa kisu, unaitia dele likiwa limeshaepuliwa, unafunika, unahesabu mpaka mia. Ukiichemsha harufu yote inakwenda kwa majirani.

Leo asubuhi nimefanya hivyo. Mwenzangu wa meza ya pili ameuliza nimeweka sukari ya aina gani.